Mgeni wa Imla Anayeishi Ndani ya Simu ya Mke Wangu

Mwalimu Yusto Leonsi (Mstaafu),
Mtaa wa Kisimani,
Kata ya Malangali,
Sumbawanga.
20 Novemba

Ndugu Ndalahwa,
Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa wa Kisimani.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: MGENI ASIYERIPOTIWA, ANAYETAMKA MANENO YA KIINGEREZA NYUMBANI KWANGU TANGU MWEZI WA SABA

Marahaba. Naitikia mapema kwa sababu najua ungeniamkia kama tungekutana njiani, na sipendi kukudai shikamoo kwenye barua ya kiserikali. Mimi ni mzima, mahindi tumeshapanda, mvua imeanza vizuri, na upepo wetu unaendelea na kazi yake ya kuezua paa la choo changu. Baada ya salamu hizo, tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Unanifahamu, lakini faili lako halinifahamu, kwa hiyo najitambulisha. Nimefundisha Kiingereza miaka thelathini na sita, mingi kati ya hiyo katika shule ya msingi upande wa Msanzi, ambako wewe mwenyewe nilikuweka dawati la mbele kwa sababu dawati la nyuma ulikuwa unaligeuza kitanda. Kila Ijumaa nilitoa imla, maneno ishirini. Kanuni zangu unazikumbuka, ila nazirudia maana shauri lote limesimama juu yake. Mwalimu anasoma mara tatu. Mara ya kwanza mwanafunzi anasikiliza, mara ya pili anaandika, mara ya tatu anasahihisha. Hakuna kuuliza, hakuna kuguna, hakuna kumtazama mwalimu usoni. Mwenye swali anainua mkono mwishoni, kazi ikiisha. Wewe uliwahi kupata tatu kati ya ishirini, na moja kati ya hizo nilikupa kwa sababu uliandika jina lako vizuri. Leo una muhuri. Sikukumbushi kwa ubaya.

Sasa mwezi wa saba mke wangu Cornelia, ambaye mtaa mzima mnamwita Mama Lydia, alikwenda kibandani kwa Justa, yule binti anayesajili laini na kuchajisha simu. Alirudi na simu ikiwa na mtu ndani. Justa anasema ni imla ya mtandaoni. Ukibonyeza, sauti ya mwanamke inatamka neno la Kiingereza, kisha sentensi yenye neno hilo, kisha neno lenyewe tena. Unaandika. Ukikosea simu inaguna, ukipatia inalia kengele kama ya mtumishi wa altare. Mwishoni unapewa maksi. Mwanamke mwenyewe haonekani, jina hana, na kila siku saa kumi jioni yumo barazani kwangu.

Nisingesumbua ofisi yako kwa sababu ya kelele tu. Mgeni huyu yuko mbioni kuninyang'anya kazi pekee iliyobaki kwangu katika nyumba hii, ambayo ni kumsomea mke wangu barua za mjukuu wetu. Hilo nitalieleza mahali pake. Nayapanga malalamiko kwa namba ili usipotee, maana nakujua.

1. Hajaripotiwa. Sheria ya mtaa wetu imeandikwa kwa chaki mlangoni mwa ofisi yako: mgeni akizidisha siku tatu, apelekwe kwa mjumbe aandikwe kwenye daftari. Dada yangu alipotoka Msanzi kuja kunikanda mgongo, mliandika jina lake, kabila lake, kazi yake na siku ya kuondoka, na alipozidisha siku mbili mjumbe alikuja kuuliza kulikoni. Huyu wa simuni ana miezi minne. Nilipompelekea mjumbe habari zake, alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikuwa nachekesha. Nilimuuliza hivi, mtu anayezungumza, anayesikika mpaka barabarani, mwenye ratiba yake na wafuasi wake, anapungukiwa nini asiwe mgeni? Akanijibu, "Miguu, Mwalimu. Anapungukiwa miguu." Naomba, Mwenyekiti, ulifungue daftari hilo unionyeshe safu ya miguu iko ukurasa gani.

2. Hana salamu. Sisi wa huku juu hatuingiliani hivi hivi. Mtu akifika anachuchumaa, anapiga makofi ya taratibu, anaulizia wa nyumbani, ng'ombe na mvua, ndipo aseme kilichomleta. Siku ya kwanza Cornelia aliposikia sauti ya mwanamke mwenzake imeanza kusema, aliiweka simu juu ya kigoda, akapiga goti, akampigia makofi kama inavyopasa. Yule mama akajibu kwa Kiingereza, "Neno la kwanza." Cornelia akadhani hajasikika, akapiga tena, kwa nguvu kidogo. "Neno la pili." Kwa hiyo maneno mawili ya mwanzo alipata sifuri kwa sababu ya adabu. Mpaka leo anampigia makofi kabla ya kuanza, na mpaka leo hajaitikiwa. Jirani yetu Gaudiosa anamtetea, anasema labda kwao ndivyo wanavyosalimiana. Kwao wapi? Ndiyo maana nilianza na daftari.

3. Hachoki. Kwenye kioo kuna kipicha cha kobe. Ukikibonyeza, yule mama anatamka neno polepole, na ukikibonyeza tena anarudia tena. Siku moja nilikaa nikahesabu. Neno la Kiingereza lenye maana ya jirani (maneno yenyewe siyaandiki hapa, ofisi yako ni ya Kiswahili) alilirudia mara arobaini. Mara ya arobaini sauti ilikuwa ileile ya mara ya kwanza, tamu, haina hata chembe ya kukereka. Huo ndio ualimu? Mimi nikifika mara ya nne mshipa wa shingo ulikuwa unasimama, na watoto walikuwa wakiuona mshipa wanajua kwamba neno hilo ni la muhimu. Huyu hana mshipa, basi mwanafunzi atajuaje? Nilimweleza Cornelia haya yote kwa utulivu. Akaniuliza, "Baba Lydia, mimi uliwahi kunirudia kitu hata mara mbili?" Nikaenda kutafuta kofia yangu.

4. Anasifia watu wazima hovyo. Ukipata ishirini, anakuambia umefanya kazi nzuri sana. Ukipata tisa, anakuambia umeanza vizuri. Katika miaka yangu yote ya kazi, sifa ya juu niliyowahi kuandika kwenye daftari la mtoto ni "Jitahidi", na kwa wale waliopata zote, "Usibweteke". Watoto wale leo ni madereva, masista, na mmoja ni mwenyekiti wa mtaa. Lakini juzi mke wangu alipata kumi na saba, yule mama akammiminia sifa zake, na Cornelia akatabasamu. Tabasamu lile nililiona mara ya mwisho siku ya harusi yetu, miaka arobaini na mmoja iliyopita, na wakati ule nilidhani ni langu. Sina wivu. Naomba hilo liandikwe kwa herufi zinazosomeka: sina wivu. Ninachosema ni kwamba tangu mwezi wa saba ugali wa ulezi umeungua mara tisa, na paka amekula migebuka miwili niliyoletewa kutoka ziwani, huku mwenye jiko akiandika neno la Kiingereza lenye maana ya uangalifu.

5. Ameuteka mtaa. Mwezi wa nane, wakati wa kupukuchua mahindi, Gaudiosa alikuja kusaidia akasikia kengele, akauliza ni nini. Wiki ile ile walikuwa watatu, na mwezi wa tisa wakafika kumi na mmoja, wote wanawake wa jumuiya yetu. Wanakaa barazani kwangu na madaftari mapajani, mikono ina vumbi la magunzi, na yule mama amewekwa juu ya debe lililogeuzwa ili asikike. Vijana wa bodaboda wanapunguza mwendo. Mmoja alisimama kabisa, akazima pikipiki, akasema, "Oya mama, hilo la mwisho arudie, sijalipata," na abiria wake akiwa nyuma na kuku.

Ningevumilia. Lakini unakumbuka rozari ya mwezi wa kumi, iliyosaliwa kwa Gaudiosa. Katekista Vicent alikuwa ameshika litania, sisi tunaitikia "Utuombee", kila kitu kinakwenda sawa. Ghafla simu iliyokuwa imefungwa kwenye pindo la khanga ya mke wangu ikajibonyeza yenyewe, yule mama akatamka neno lenye maana ya uvumilivu. Wanawake kumi na mmoja, bila kufumbua macho, wakaitikia kwa pamoja kwa kulitaja neno hilo herufi kwa herufi, mpaka mwisho, na kengele ikalia. Katekista alidhani ni Kilatini. Akasema "Amina", akapiga ishara ya msalaba, akaendelea. Baadaye alinishika mkono pembeni akanipongeza kwa jinsi nyumba yangu ilivyohifadhi sala za zamani. Nami nikapokea pongezi, maana ningesema nini?

Na kama bado unadhani mambo haya hayakuhusu, nenda katazame lile tangazo ulilolibandika ofisini kuhusu usafi wa mitaro, lile ulilolitia Kiingereza chini ya Kiswahili ili lipendeze. Wanawake wa barazani wamelisahihisha kwa kalamu nyekundu. Umepata sita. Pembeni wamekuandikia kwamba umeanza vizuri.

6. Sasa nafika kwenye jambo lenyewe. Binti yetu Lydia aliolewa ng'ambo, Mbala, ukishavuka mpaka wa nchi pale Kasesya. Lydia alifariki wakati mtoto wake ana miaka mitatu. Mtoto huyo ni Angela. Sasa ana miaka kumi na mitatu, amelelewa na ndugu wa baba yake, na Kiswahili chote alichokuwa nacho kimepotea. Tukimpigia simu tunasikilizana tukipumua, yeye anacheka, Cornelia analia, salio linaisha. Kwa hiyo Angela huandika, kwa Kiingereza cha shuleni, barua fupi zinazoingia kwenye simu ya bibi yake, na mimi huzisoma kwa Kiswahili. Barua ikifika, Cornelia hunawa mikono kwanza. Hukaa kwenye kigoda, hutengeneza khanga, husema, "Haya, Mwalimu, soma." Ni wakati huo tu ananiita Mwalimu. Nikimaliza huniomba nirudie pale pa mwanzo, nami humwambia kwamba barua si imla.

Mwaka huu, tangu masika, kampuni za simu zimepunguza ukubwa wa herufi. Sijui ni kubana matumizi au ni nini. Zamani zilikuwa kama punje za mahindi, zikawa kama ulezi, na ilipofika mwezi wa tano zikawa kama unga wenyewe. Tena wameongeza na ukungu. Ukungu huo huo umewekwa kwenye kitabu cha nyimbo cha kanisani, kwenye matangazo yako, na nyakati za asubuhi kwenye uso wa Katekista Vicent. Macho yangu hayana tatizo. Kwa daktari wa macho sijaenda kwa sababu hiyo hiyo, kwamba hayana tatizo.

Sasa mwalimu afanye nini? Mke ameshanawa mikono, ameshakaa. Nikasoma. Nilisoma kwa uzoefu. Angela hajambo, Angela anasoma kwa bidii, Angela amekuwa wa nne darasani, mbuzi wao amezaa. Mbuzi huyo alizaa mara mbili ndani ya miezi miwili, na nashukuru kwamba mke wangu hakuhesabu. Mwezi wa tano nilikosa cha kusoma. Baridi ilikuwa imeanza, nimejifunika blanketi, na mdomo wangu ukasema kwamba Angela anapigwa na baridi shuleni na anamwomba bibi yake sweta.

Cornelia alinyanyuka, akaipeleka simu kwa Justa. Kesho yake akanunua nyuzi za buluu. Alifuma siku kumi na tisa, akalikunja, akalifunga kwenye mfuko, akamkabidhi dereva wa lori la mahindi anayepita Kasesya. Barua iliyofuata ilipoingia aliuliza kabla hata ya kukaa, "Limemtosha?" Nikautazama ule ukungu, nikasema limemtosha, ila mikono imezidi kidogo. Na majibu ya kumtumia Angela nimekuwa nayaandika mimi mwenyewe, kwa kukumbuka kila herufi ilikaa wapi zamani. Tangu mwezi wa nne sijui nimemwandikia nini mtoto wa Lydia. Hilo linanitesa, Mwenyekiti, na sina mzaha ninapolisema.

Kwa hiyo hatari unaiona. Mke wangu wiki hii amepata kumi na nane. Siku si nyingi ataichukua simu yake, atafungua barua za mwaka mzima moja baada ya nyingine, na hatamkuta mbuzi humo. Hatakuta wa nne darasani. Sweta hatalikuta. Miaka arobaini na mmoja amekuwa akiamini kila nilichomsomea, kuanzia barua za posa mpaka maelezo ya dawa ya minyoo, na atakayeniumbua ni mwanamke asiyekuwepo hata kwenye daftari la wageni. Nafuta nilichosema kwenye namba nne. Nina wivu.

Kutokana na hayo, naiomba ofisi yako ichukue hatua, nami nazipendekeza kwa ngazi ili usishtuke. Kwanza mgeni aandikwe: jina, kabila, kazi, siku ya kuondoka. Akishaandikwa atakuwa mkazi, na akiwa mkazi atawajibika kama wakazi wengine. Apangiwe zamu ya kuzibua mitaro. Kukiwa na msiba achote maji na apepete ulezi na wenzake, na afikapo apige makofi. Nina hakika atashindwa kazi hizi ndani ya wiki moja. Akishindwa, tuma mgambo wawili waichukue simu kwa heshima, waifunge kwenye khanga ili isipate baridi, waipeleke Kasesya, na yule mama agongewe muhuri wa kutoka nchini.

Maofisa wa mpakani wakisema hawana mahali pa kugonga muhuri, basi badala ya yeye kutoka, mimi niingie. Justa aelekezwe kuniweka ndani ya simu. Nitatamka maneno ishirini kila Ijumaa, kila moja mara tatu, wala hakutakuwa na kobe. Kengele iondolewe, iwekwe fimbo. Sifa itakuwa "Jitahidi".

Na kama hilo nalo litashindikana, naiomba Serikali ya Mtaa itoe amri kwamba herufi zote ndani ya mipaka ya Kisimani, za kwenye simu, magazeti na vitabu vya nyimbo, zirudishwe kwenye ukubwa zilizokuwa nao kabla ya masika ya mwaka huu. Naamini tangazo moja lenye muhuri wako linatosha. Kiingereza chake nipe mimi nikusaidie.

Nisalimie mama watoto na watoto wote, hasa yule wa darasa la tano ambaye nasikia anapenda kulala. Msalimie mjumbe, ingawa alicheka. Wasalimie mgambo, waambie wasinyoe ndevu, zinatisha vizuri. Wasalimie na ng'ombe wako wawili, ambao jana walipita shambani kwangu bila salamu kama mgeni ninayemlalamikia.

Wako katika kusikiliza, kuandika na kusahihisha,

Mwalimu Yusto Leonsi

Nakala: Katekista Vicent (asomewe taratibu ile sehemu ya Kilatini)
Justa, kibandani

Nyongeza:

Kanuni za imla zinataka jina la aliyeandika liwekwe chini ya karatasi, na siwezi kuzivunja kanuni zangu mwenyewe. Barua hii sikuiandika mimi. Nimeitamka hapa barazani tangu saa tatu asubuhi, kila sentensi mara tatu, na aliyeandika ni Cornelia.

Sikuwa na mtu mwingine. Mwandiko wa Justa hausomeki, na Gaudiosa angeifikisha barua barabarani kabla sijasema nukta. Lakini kusema kweli sikujua njia nyingine ya kumweleza mke wangu mambo ya namba sita mpaka mwisho. Mwandishi wa imla haulizi, haguni, hamtazami mwalimu usoni. Cornelia amefuata kanuni zote, hata nilipofika kwenye mbuzi. Ile aya ya sweta niliitamka mara mbili tu. Kabla ya mara ya tatu nikasikia kalamu inaendelea bila mimi.

Nilipomaliza kutaja jina langu, aliinua mkono. Nikamruhusu.

Akasema, "Mwalimu, siku ile ya sweta simu ilikuwa imezimika tangu asubuhi. Nilikuwa naipeleka kwa Justa kuchaji, ukadhani nimekuletea barua."

Nikamuuliza, sasa kama ulijua, ulifuma kwa nini? Akasema, "Mbala nako kuna baridi." Kisha akasema kwamba alipomaliza kufuma na kulituma ndipo alipokwenda kumuuliza Justa kama kuna mahali mtu mzima anaweza kufundishwa Kiingereza bila kufokewa, maana alijua nyumba hii itahitaji macho mengine na alijua pia kwamba mimi sitasema.

Akanawa mikono. Akakaa, safari hii karibu yangu, akafungua barua ya mwisho ya Angela akaanza kuisoma kwa sauti. Maana yake haijui, kwenye simu hawakumfundisha maana, lakini maneno anayatamka jinsi yule mama anavyoyatamka, na lile asilolijua alinitajia herufi zake. Yeye akatamka, mimi nikatoa maana. Tulikwenda hivyo mpaka chai ikapoa.

Angela anasema sweta la buluu analivaa mpaka darasani. Anauliza kwa nini tangu mwezi wa nne babu anamwandikia herufi nyingi zisizo na neno hata moja, na kama babu anaumwa macho. Tumerudi nyuma tukakuta ameuliza hivyo katika barua nne. Na anasema shule ikifungwa, tarehe tano Desemba, ataletwa mpaka Kasesya, na anaomba tukampokee.

Nilimwomba Cornelia arudie pale pa mwanzo. Alirudia.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, futa malalamiko namba moja mpaka sita, isipokuwa la ugali. Mgambo wasije. Yule mama wa simuni abaki alipo, na akitaka kukaa mwaka mzima akae. Mimi Jumatatu napelekwa kwa daktari wa macho, na mwenye kunipeleka amesema hatarudia mara mbili.

Ila daftari la wageni lifungue vilevile. Andika mmoja: Angela, binti wa marehemu Lydia, miaka kumi na mitatu, mwanafunzi. Miguu anayo, yote miwili. Siku ya kuondoka iache wazi. Salamu zetu hazijui, kwa hiyo akija ofisini kwako akakupigia makofi vibaya usimcheke. Tutarudia naye, hata mara arobaini.